Tuwape Wageni Mvua ya Kericho

Katika pwani ya kusini-mashariki ya Alaska, mahali ambapo milima yenye misonobari hushuka ghafla mpaka majini, upo mji mdogo uitwao Ketchikan ambao, lau mvua ingekuwa kitu cha kukimbiwa, ungalikwisha kuhamwa zamani. Kwani mvua ya mwaka mmoja pale hupita milimita 3,500, na katika mwaka wa 1949 ilipita milimita 5,000. Walakini kila msimu, kuanzia Aprili hadi Oktoba, marikebu kubwa za matembezi hufunga gati pale na kushusha abiria kwa maelfu, nao huteremka ngazi wamevaa makoti ya mpira na kofia za sufu, wakatembea saa tatu au nne katika matope na baridi ili kutazama minara ya kuchongwa ya wenyeji na samaki wapandao mto, kisha wakarudi chomboni wamelowa na wameridhika. Watu wa mji ule hawakuificha mvua yao. Wameisimamishia ubao mrefu wenye kipimo, usio mbali na gati, umwonyeshao kila ashukaye kiasi cha mvua iliyonyesha, na wageni hupenda kupigwa picha mbele ya ubao huo.

Nimeanzia mbali namna hii kwa sababu nataka kuzungumza juu ya Kericho na Bomet, nchi ya chai ya Kenya, ambako tuna mvua na baridi ya kuwatosha wageni wa dunia nzima, lakini tumezoea kuitazama neema hiyo kama kosa la kuombewa radhi. Kericho imekaa mita 2,000 na ushei juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo tu ya Ikweta, na hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Bergen ya Norway, bandari mashuhuri kwa marikebu za matembezi na kwa wingi wa mvua, haiipiti sana kwa hesabu hiyo. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti mtu atokaye Mombasa au Kisumu akifika huku alfajiri huiona pumzi yake mwenyewe mbele ya uso wake. Na ukimsikiliza mwenyeji anayempokea mgeni huyo, neno la kwanza limtokalo ni pole: pole kwa mvua, pole kwa matope, pole kwa ukungu uliolifunika bonde, na dereva wa gari la watalii litokalo Maasai Mara kwa njia ya Bomet, likielekea Nakuru au Kisumu, huwasihi abiria wake wateremke upesi kando ya barabara, wapige picha mbili tatu za mashamba ya kijani, warudi ndani kabla wingu halijafika. Kwa dakika kumi hizo mgeni huambiwa amekwisha kuiona nchi ya chai. Rai yangu ni kwamba hajaona kitu, na kwamba wingu lile alilokimbizwa ndilo alilostahili kuonyeshwa.

Mvua ya Kericho haiji ovyo. Asubuhi aghalabu huwa nyeupe, na bonde huonekana mpaka mwisho wake. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo wenye unyevu huanza kuvuma kutoka Ziwa Viktoria, upande wa magharibi, ukipanda mteremko wa nyanda hizi. Mashariki umesimama ukingo wa Mau pamoja na msitu wake, na pepo zitokazo upande wa Bahari ya Hindi nazo huja kukutana na ule wa ziwa juu ya vichwa vya watu wa Kericho na Bomet. Zikutanapo pepo hizo, hewa haina pa kwenda ila juu, na huko juu hupoa, ikafanya wingu kubwa jeusi ambalo alasiri, wakati ule ule kwa siku nyingi za mwaka, humwaga mzigo wake. Kwa hiyo mvua yetu ina saa zake kama treni ya abiria, na mwenye kupanga matembezi anaweza kuipangia.

Na wingu hilo halimwagi maji matupu. Kericho imeandikwa katika kumbukumbu za elimu ya hali ya hewa kuwa mahali palipopata siku 132 za mvua ya mawe katika mwaka mmoja, idadi inayohesabiwa kuwa kubwa kupita zote zilizopata kuandikwa duniani. Dakika chache za mawe hayo zatosha kuyachanachana machipukizi ya shamba zima, na mkulima hungoja majuma kadhaa mpaka mchai uote upya; ndiyo sababu katika miaka ya 1960 wenye mashamba makubwa walifikia hata kurusha makombora mawinguni, na baadaye ndege zikatumwa kutawanya iodidi ya fedha, kwa matumaini ya kuyavunja mawe kabla hayajaanguka. Ni matembezi gani ya kaskazini yenye habari ipitayo hiyo? Mgeni aliyeketi barazani Kericho alasiri, akisikia mawe yakiyapiga mabati hata sauti ya mwenzake aliye karibu isimfikie, ana haki ya kuelezwa kwamba watu wa hapa walipata kupigana na wingu hilo kwa baruti, na kwamba wingu halikushindwa. Naamini akielezwa hayo hatauliza lini jua litatoka.

Nisieleweke kuwa nausifu unyevu kwa ajili ya unyevu. Ninachokisema ni kwamba chai na mvua ni jambo moja, na mtu hawezi kumweleza mgeni hiyo ya kwanza akamficha hiyo ya pili. Mchai ulioletwa Limuru mwaka 1903 haukustawi Kericho kwa sababu ya upendeleo wa makampuni makubwa yaliyofika katika miaka ya 1920. Makampuni yaliifuata mvua iliyogawanyika katika miezi karibu yote ya mwaka, udongo wenye uchachu, na baridi inayolikuza jani polepole likapata ladha. Msitu wa Mau ukikatwa, mvua hutetereka, na mvua ikitetereka chai hupungua. Serikali ilipoanzisha mwaka 1986 ukanda wa chai wa Nyayo pembezoni mwa misitu ya nchi, ilikuwa inakiri uhusiano huo kwa vitendo. Mtalii aliyepita akapiga picha ya kijani kibichi na kuondoka hajaambiwa hata moja katika hayo, na kesho akisoma gazetini kwamba watu wanagombania msitu wa Mau hatajua kwamba habari hiyo imo ndani ya kikombe chake.

Basi na tuyafikirie matembezi yenyewe yangekuwaje. Mgeni aamshwe mapema, apewe buti za mpira na koti refu la plastiki, apelekwe shambani saa moja kasoro, wakati umande ungali juu ya michai. Na hapo, hata kama hakuna tone lililoanguka tangu jana, atalowa mpaka kiunoni kwa kupita tu baina ya mistari, ndipo atakapofahamu kwa nini wachumaji hujifunga aproni nzito za plastiki kuanzia kifuani hadi chini ya magoti. Aonyeshwe jinsi ya kuchuma majani mawili na chipukizi, si jani moja zaidi, na jinsi mkono unavyotupa majani nyuma ndani ya kikapu bila ya macho kugeuka. Aelezwe kwamba kila mchai hurudiwa baada ya siku saba hadi kumi na nne, mvua ikizidi mapema na kiangazi kikizidi kwa kuchelewa, na kwamba usawa ule wa juu wa shamba unaopendeza kwenye picha ni kazi ya mikono ya watu, kwani mchai ukiachwa wenyewe huwa mti. Kisha abebe kikapu alichojaza, kama amejaza kitu, mpaka kwenye kibanda cha kupimia majani, asimame kwenye mstari pamoja na wakulima wanaongoja karani na lori.

Kutoka hapo na aende kiwandani, na hapa ndipo mvua inapoonyesha upande wake mwingine, ambao wageni hawaujui na hata wananchi wengi hawajapata kuufikiria. Jani lililochumwa likiwa na maji hufika na mzigo usio wake. Kabla halijaanza kunyauka inabidi maji ya juu yapeperushwe kwa feni kubwa zivumazo chini ya mabirika marefu yaliyotandazwa majani, na saa za kunyausha, ambazo ni kumi na mbili au zaidi, huongezeka siku ya mvua, na kuni nazo huongezeka. Kuni hizo ni za mikaratusi, na msafiri anayejiuliza kwa nini milima ya Kericho na Bomet imejaa mikaratusi iliyopandwa kwa safu atapata jibu lake kwenye mlango wa tanuri. Jani likisha kunyauka husagwa, hupasuliwa na kukunjwa na mashine, likaachwa hewani muda wa saa moja na ushei mpaka rangi ya kijani igeuke ya shaba, kisha likapitishwa kwenye kikaushio. Chumba cha kikaushio ni chumba chenye joto kupita vyote katika nchi hii ya baridi, na harufu yake sijui kitu cha kuifananisha nacho. Mtu aliyelowa tangu alfajiri akiingizwa humo saa tisa, wakati mvua ya alasiri inapiga nje, akapewa kikombe cha chai iliyotoka kukaushwa wiki ile ile, atakuwa ameifahamu chai kwa mwili wake. Na ufahamu wa namna hiyo haupatikani kwa kupita na gari.

Zipo hoja za kupinga, nami sizidharau. Ya kwanza ni kwamba mgeni ajaye Kenya huja kutafuta jua na wanyama, wala hakutoka Ulaya yenye mvua ili alowe Afrika. Hoja hii ingekuwa na nguvu lau mgeni wetu angekuwa wa namna moja. Bali siku hizi wapo Wakenya wa Nairobi na wa Pwani wanaotembea kwa fedha zao wenyewe, wapo vijana wa mashule, wapo wageni waliokwisha kuona simba mara mbili na wanataka kujua watu wanaishije. Ya pili ni kwamba Kericho iko mbali na bandari. Hilo ni kweli: abiria wa marikebu ashukaye Mombasa kwa siku moja atapelekwa Fort Jesus au Tsavo na kurudishwa, wala hawezi kufika huku na chombo kikamngoja. Lakini inastahili kukumbukwa kwamba chai ya Kericho na Bomet husafiri njia hiyo kila siku kwenda mnadani, tangu mnada ulioanzia Nairobi mwaka 1956 ulipohamishiwa Mombasa. Bidhaa inashuka pwani na hakuna mtu anayepanda kuja kuona ilikotoka. Na wageni walio karibu ni wengi kuliko tunavyowahesabu, maana njia ya kutoka Mara kwa Bomet inapita katikati ya michai, na Kisumu yenye uwanja wa ndege ni mwendo wa chini ya saa mbili. Huko Tigoni, karibu na Limuru, shamba la Kiambethu limekuwa likipokea wageni kwa miaka mingi, wakisikiliza habari za chai na kula chakula cha mchana. Kinachowezekana Tigoni hakishindikani Konoin wala Litein.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo inahusu nani atakuwa mwenyeji na nani atakuwa kitu cha kutazamwa. Naona haya nikifikiria gari limejaa watu wakavu, vioo vimefungwa, wakimtazama mama aliyelowa akichuma. Hapa tena nawarudisha wasomaji Alaska, si kwa kuwa ya kigeni ni bora, bali kwa kuwa wenzetu wale wamekwisha kulijaribu jambo hili. Katika kisiwa cha Chichagof kipo kijiji cha Hoonah, maskani ya Watlingit ambao wazee wao walifukuzwa kutoka Glacier Bay na barafu iliyosonga mbele katika karne ya 18. Pale palikuwa na kiwanda cha kusindika samaki kilichojengwa mwaka 1912, ambacho kazi yake ilikwisha. Na shirika la wenyeji wenyewe, Huna Totem, mojawapo ya yale yaliyozaliwa na sheria ya ardhi ya wenyeji wa Alaska ya mwaka 1971, likakinunua na kukifanya mahali pa kupokelea marikebu, likafungua mwaka 2004. Mgeni ashukaye pale katika manyunyu na baridi huingia katika nyumba ya watu wa pale, akiongozwa na wao, na fedha yake hubaki katika shirika ambalo wenye hisa ni wao.

Sisi tunacho tayari chombo cha namna hiyo, wala hatuna haja ya kukiunda. Viwanda kama Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek katika Bomet, na Litein katika Kericho, ni mali ya wakulima wadogo walio na hisa ndani yake, chini ya KTDA, shirika la kuendeleza chai lililotokana na mamlaka ya serikali iliyoundwa mwaka 1964; na wakulima wa aina hiyo, nchini kote, ni zaidi ya laki sita, nao ndio watoao zaidi ya nusu ya chai ya Kenya. Mkulima wa Konoin mwenye ekari moja, mwenye nyumba jirani na shamba, mwenye ng'ombe na kibuyu cha maziwa ya mursik, anaweza kuwa mwenyeji wa mgeni kwa heshima zote mbili, ya mwenye shamba na ya mwenye hisa katika kiwanda, na mapato ya matembezi yakaingia katika hesabu za kiwanda yakagawanywa pamoja na bonasi. Mashamba makubwa nayo, ambayo katika miaka hii ya karibuni yametoka mikononi mwa makampuni ya Uingereza yakaingia katika mikono mingine, yanaweza kufungua milango yake. Lakini ningependa wakulima watangulie.

Lipo pia jambo la insafu ambalo, likisahauliwa, matembezi haya yatakuwa dhuluma. Mchumaji wa mashamba makubwa hulipwa kwa kilo. Kila dakika anayosimama kumfundisha mgeni jinsi ya kukunja kidole ni majani ambayo hayakuingia kikapuni, na tabasamu lake hupunguza chakula cha nyumbani. Kwa hiyo saa ya kuzungumza na wageni ilipwe, tena ilipwe zaidi ya saa ya kuchuma, kwa kuwa ndani yake mna ujuzi wa miaka mingi. Tena tusisahau kwamba mashine za kuchumia zimewaondoa watu wengi kazini katika kaunti hizi, na uchungu wake ulionekana Mei 2023, mashine zilipochomwa moto na maisha yakapotea. Wapo wanawake na wanaume waliochuma kwa nusu ya umri wao, wanaojua kwa kutazama wingu kama litaleta maji au mawe, ambao leo hawana kazi. Hao ndio viongozi wa matembezi ninaowataka, kabla ya kijana yeyote aliyekariri maelezo katika karatasi.

Na wakiongoza, wasiambiwe la kusema. Mgeni akiuliza ardhi hii ilikuwa ya nani, ajibiwe. Aambiwe kwamba Wakipsigis walikuwa hapa kabla ya jani la kwanza la chai, na kwamba mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwatoa Watalai, ukoo wa malaiboni wao, yaani viongozi wao wa kiroho, ikawapeleka Gwassi kando ya Ziwa Viktoria, mahali pa joto na maradhi, ilhali ardhi yao ilikuwa ikigeuka mashamba. Vizazi vyao vimepeleka madai yao mpaka Umoja wa Mataifa na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Wapo watakaosema kwamba habari kama hizi zitamharibia mgeni siku yake. Mimi nadhani mtu aliyekubali kulowa tangu alfajiri ili aijue chai ana moyo wa kuyasikia hayo pia, na asiyekuwa nao basi na apige picha zake kando ya barabara kama zamani.

Kericho na Bomet zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 1992, na mvua yao ni moja hata leo. Kwa hiyo ningewaomba magavana wa kaunti hizi mbili wasifanye jambo hili kila mmoja kwa upande wake, wakashindana kwa mabango. Yanayohitajika ni machache. Viwanda vichaguliwe ambavyo barabara zake hupitika hata siku ya mvua, kwani mgeni aliyelowa hulalamika kidogo, bali mgeni aliyekwama hulalamika daima. Kuwe na buti za kila kipimo na makoti ya kuazima, chumba cha kubadilishia nguo chenye moto, na vyoo safi karibu na shamba, ambavyo wachumaji nao watavitumia. Wingu likileta radi, matembezi yasimamishwe bila ya ubishi, watu waingie kiwandani, maana katika uwanda wa michai mtu aliyesimama ndiye mrefu kuliko vyote vilivyo karibu naye. Chai atakayopewa mgeni iwe ya daraja la kwanza, ile tunayoipeleka ng'ambo, iliyopikwa na maziwa kama tunavyokunywa sisi na nyingine kavu kwa atakaye. Na tikiti ya matembezi iandikwe waziwazi, kwa Kiswahili na kwa Kipsigis na kwa lugha ya mgeni, kiasi kinachokwenda kwa kiwanda, kiasi kinachokwenda kwa mwenye shamba, na kiasi atakacholipwa, kabla ya saa kumi na moja jioni siku ile ile, mchumaji aliyemwongoza.